Siku Huku Ilipogeuka Kule

Nchi tunayoizungumzia ina pande mbili, na katikati yake umepita mkono wa bahari. Upande mmoja unaitwa Huku, na upande wa pili, ambao ni kisiwa, unaitwa Kule. Majina hayo yalitolewa na tume, na tume ilikaa hotelini muda mrefu sana kabla ya kuyapata, kwa hiyo si majina ya kuchekwa. Wanaoishi Huku husema wanaishi Huku. Wanaoishi Kule nao husema wanaishi Kule, hata wakiwa wamesimama hapohapo, na mgeni akijaribu kuwasahihisha humwonea huruma.

Ni nchi ya amani, na haina dhoruba. Zamani ilikuwa nazo, tena kubwa, za kung'oa minazi na kupindua mashua. Lakini Kiongozi Mkuu alipozindua kivuko kipya, MV Uthabiti, alisimama jukwaani akasema mbele ya mabalozi: "Kivuko hiki hakitazuiwa na dhoruba hata siku moja." Ilikuwa namna tu ya kusema, kama watu wanavyosema kwenye uzinduzi. Ila neno la Kiongozi Mkuu likishatoka halirudi, na wasaidizi wake walipokaa kulitafakari waliona ziko njia mbili tu za kulitimiza. Ya kwanza ni kununua kivuko kikubwa zaidi. Ya pili ni kuondoa dhoruba. Bajeti ilikuwa imekwisha kwenye sherehe za uzinduzi, kwa hiyo dhoruba zikaondolewa.

Ziliondolewa kwa waraka. Idara ya Hali ya Hewa ikahamishiwa Wizara ya Utamaduni, na tangu hapo watangazaji wakawa wanasoma kwamba leo kutakuwa na upepo wenye hamasa, au kwamba mawimbi yataonesha ari kubwa upande wa kusini. Neno lenyewe la dhoruba halikupigwa marufuku, maana nchi hiyo ina uhuru wa kusema. Liliwekewa tu utaratibu. Anayetaka kulitamka anaomba kibali, ofisi ya kutoa kibali iko Kule, na Kule kunafikiwa kwa kivuko.

Katika nchi hiyo alikuwapo mwanamke aitwaye Bi. Mwanakheri. Alikuwa msusi, na kibanda chake kilikuwa Huku, nyuma ya soko la nguo. Wanawake walimpenda kwa sababu mikono yake ilikuwa myepesi na mdomo wake mzito, jambo ambalo kwa wasusi ni nadra. Baba yake, Mzee Mwinyikondo, aliishi Kule pamoja na Hemedi, mdogo wake Bi. Mwanakheri. Mzee alikuwa mstaafu wa serikali. Kazi yake ya maisha ilikuwa kupandisha bendera asubuhi na kuishusha jioni katika ofisi ya wilaya, na aliifanya kwa heshima ambayo wakuu wa wilaya wenyewe hawakuwa nayo.

Asubuhi moja, Bi. Mwanakheri akiwa amefika katikati ya kichwa cha mteja, Hemedi alipiga simu.

"Dada, mzee hali yake si nzuri," alisema. "Ni kifua. Daktari amekuja, amemsikiliza, ameondoka ameinamisha kichwa. Mzee anakutaja tu. Anasema Kheri yuko wapi."

Mteja, aliyekuwa amesukwa upande mmoja na upande wa pili nywele zimesimama, alisikia kila neno. "Nenda, shoga," akamwambia. "Mimi nitajifunga kitambaa."

Bi. Mwanakheri akachukua mkoba wake, akaweka khanga mbili na dawa ya kuchua, akafunga kibanda. Nje mvua ilikuwa inakuja kwa ubavu. Makuti yaliruka barabarani, na bango kubwa lenye picha ya Kiongozi Mkuu akitabasamu lilikuwa limelala kifudifudi kwenye mtaro, na askari wawili walikuwa wakililinda lisionekane limeanguka.

Bandarini hakukuwa na msongamano. Mkata tiketi, kijana mwenye koti la mvua ingawa alikuwa ndani, alimgongea muhuri mkononi akamwambia, "Safari njema, mama."

"Kivuko kinaondoka?"

"Kwa nini kisiondoke?"

Bi. Mwanakheri akatazama dirishani. Bahari ilikuwa imesimama wima. Akamtazama tena yule kijana, na kijana akaangalia chini akaanza kuupangusa muhuri wake kwa uangalifu mkubwa. Basi akavuka geti, na geti likajifunga nyuma yake kwa mlio wa chuma.

Ndani ya ukumbi wa abiria walikuwamo watu kadhaa, wengine wamejilaza juu ya mizigo. Jirani yake kwenye benchi alikuwa Bwana Nyange, mfanyabiashara mnene mwenye makasha ya vifaranga, vifaranga vya siku chache tu, vya manjano, vinalialia. Ndiye aliyempa habari.

"Nahodha anaumwa tumbo," alisema.

Na kweli, haukupita muda, kipaza sauti kikatangaza kwamba MV Uthabiti itachelewa kidogo kutokana na tumbo la nahodha. Nahodha huyo, Kapteni Tindwa, alikuwa mtu mwaminifu aliyezeekea baharini. Asubuhi ile alisimama gatini, akatazama maji, akajua kwamba akiondoka hatarudi. Hakuweza kusema sababu, kwa kuwa sababu haikuwapo nchini. Akashika tumbo. Wizara ilipopata taarifa ilitenda kwa haraka isiyo ya kawaida, ikaleta madaktari, na madaktari nao walipotoka nje wakaiona bahari, waliungama kwamba tumbo lile ni baya sana na wao wenyewe wanaanza kulisikia.

Bi. Mwanakheri alingoja. Alipochoka kungoja akaenda kumwona Mkuu wa Kituo, Bwana Pazi, mtu mrefu aliyevaa sare iliyopigwa pasi mpaka kwenye soksi.

"Baba yangu mgonjwa Kule," alimwambia. "Nataka kujua ukweli tu. Tunaondoka au hatuondoki?"

"Mama, hakuna safari iliyofutwa."

"Basi twende."

"Tunakwenda."

"Lini?"

"Tumeshaanza," alisema Bwana Pazi kwa upole. "Ulipovuka lile geti, safari yako ilianza. Sasa hivi wewe uko safarini."

"Nimekaa kwenye benchi."

"Wapo wanaosafiri wamekaa, wapo wanaosafiri wamesimama. Hilo ni chaguo la abiria."

Bi. Mwanakheri akavuta pumzi. "Haya. Kama ni hivyo nifungulie nirudi nyumbani, nitakuja kivuko kikiwa tayari."

Bwana Pazi akatikisa kichwa, na usoni alionekana kusikitika kweli. Alieleza kwamba geti lile ni la kuingilia. Abiria aliyeingia hutoka kwa mlango wa Kule, kwa maana ya mlango ulioko Kule. Kumtoa abiria huku safari ikiendelea ni sawa na kumtupa baharini, na shirika halijawahi kutupa abiria baharini. "Rekodi yetu ya usalama," alisema, "haina mfano."

Akarudi kwenye benchi. Masikio yalikuwa yanamvuma kwa hasira, na hasira yenyewe hakuwa na pa kuiweka, kwa sababu kila aliyemkasirikia alimjibu kwa adabu.

Mchana akampigia baba yake. Hemedi alimwekea mzee simu sikioni, na baada ya salamu mzee akauliza yuko wapi.

"Nipo bandarini, Baba. Kivuko hakiondoki. Kuna..." Akatazama pembeni, askari alikuwa amesimama karibu anafikicha sikio. "Kuna upepo."

"Upepo wenye hamasa, nimesikia," alisema mzee, akakohoa kwa muda. "Redio imesema bahari ni shwari."

"Baba, hebu lisikilize hilo paa lenu."

"Paa hili linapiga kelele tangu siku alipoliezeka yule fundi mwizi."

"Baba, mimi naiona bahari kwa macho yangu."

"Mwanangu, nimeipandisha bendera ya serikali hii tangu ikiwa mpya mpaka ikachanika, nikapandisha nyingine. Haijanidanganya hata mara moja. Kama kazi zimekubana, sema tu kwamba zimekubana. Sitaweka kinyongo."

Hilo la kinyongo ndilo lililomchoma. Angemgombeza, ingekuwa afadhali.

Siku zikapita, zikawa wiki. Upepo haukupungua, na tumbo la nahodha halikupona. Mama lishe wa nje walipitisha sahani za wali kwenye nondo za uzio. Vifaranga vya Bwana Nyange viliacha umanjano, vikaanza kuota manyoya ya kweli, vikawa havitoshi tena kwenye makasha, na vikaachiwa vitembee ukumbini. Kila asubuhi kipaza sauti kiliwashukuru abiria kwa kuchagua usafiri wa haraka. Bi. Mwanakheri, ili asipige mtu, alisuka. Alisuka wanawake wote waliokuwamo, akawafumua, akawasuka upya mitindo mingine. Hata askari mmoja wa kike alikaa chini mbele yake kofia mapajani, akasukwa mistari ya nyuma.

Jioni alimpigia Hemedi. Mzee amekula kidogo. Mzee hakula. Mzee ameulizia.

Habari zikaanza kuvuja nje. Hazikuvuja kwa sababu ya watu waliokwama, bali kwa sababu balozi mmoja aliyekuwa na miadi Kule aliuliza kwa barua ni lini kivuko kitapita. Swali la balozi ni tofauti na swali la msusi. Kesho yake Waziri wa Bahari na Utulivu alikuja mwenyewe, na msafara, na bendi ya matarumbeta, na mabasi mawili ya wananchi wa kupiga makofi.

Turubai lilikuwa limefungwa nje ya ukumbi kwa ajili yake. Upepo ukalichukua lote, na viti vya mstari wa mbele vikafuata. Mshereheshaji akatangaza kwamba turubai limetangulia kumwandalia Mheshimiwa njia. Ikabidi shughuli ihamie ndani, kati ya mizigo na kuku wa Bwana Nyange. Waziri alisimama kwenye mlango uliovunjika kioo, walinzi wawili wamemshika mkanda kwa nyuma asipeperuke, na tai yake ikiwa imelala begani ikielekeza kaskazini.

"Ndugu wananchi wasafiri," alianza. "Wapo watu wachache, wasioitakia mema nchi yetu, wanaosema kwamba kivuko chetu hakifiki. Nami nawauliza watu hao, kufika ni nini? Je, kufika ni suala la miguu, au ni suala la moyo? Mzalendo wa kweli hafiki kwa sababu amebebwa. Mzalendo anafika kwa sababu serikali yake imemfikisha."

Watu wa mabasi wakapiga makofi. Waziri akafungua karatasi, karatasi ikaruka, akaendelea kwa kichwa.

"Serikali yenu ni sikivu. Imesikia kilio chenu cha kutaka Kule. Badala ya kuwapeleka ninyi Kule, jambo lenye usumbufu mkubwa kwa akina mama na watoto, imeamua kuwaletea Kule hapahapa mlipo. Kwa mamlaka niliyopewa natamka kwamba mahali hapa, kuanzia uzio ule mpaka gati lile, ni Kule. Hongereni kwa kufika salama."

Bendi ikapiga. Kitambaa kilichokuwa kimefunika bango juu ya mlango kikavutwa, na bango likasomeka KARIBUNI KULE. Mlango uliokuwa umefungwa siku zote ukafunguliwa, na watu wakaona kwamba unatokea barabarani, mkabala na duka la vipuri ambalo kila mtu alilijua tangu utotoni.

Mzee mmoja aliyeketi juu ya gunia aliinua mkono. "Mheshimiwa, sasa ile Kule ya siku zote itakuwa nini?"

"Suala hilo linafanyiwa kazi," alijibu Waziri, na walinzi wakamrudisha garini.

Wengine walicheka mpaka wakalia. Wengine walichukua mizigo yao wakatoka kwenda makwao, na askari mlangoni akawaambia mmoja mmoja, bila kucheka, "Karibu kisiwani." Bwana Nyange alisimama kidogo, akafikiri, kisha akawakusanya kuku wake.

"Watu wa mjini wanapenda sana kuku wa kisiwani," alimwambia Bi. Mwanakheri. "Na hawa, dada yangu, kwa tamko la serikali ni wa kisiwani." Akaondoka nao sokoni, na tulivyosikia, waliisha kabla ya adhuhuri.

Bi. Mwanakheri hakuondoka. Kwake kulikuwa karibu, kibanda chake kilikuwa karibu, lakini alijua akitoka atakuwa amekubali. Alikaa kwenye benchi lake na mkoba mapajani. Alikuwa bado amekaa hivyo kesho yake wakati Hemedi alipopiga simu, na sauti ya Hemedi haikuwa ya kawaida.

"Dada, umefika tangu jana?"

"Nimefika wapi?"

"Redio imesema. Imesoma majina yote ya abiria waliofika Kule. Lako limesomwa vizuri kabisa, mpaka jina la babu."

Bi. Mwanakheri akasimama. "Hemedi, niko bandarini. Niko Huku. Nipo mbele ya duka la vipuri la Mhindi."

"Mimi nakuamini, dada. Lakini mzee alipolisikia jina lako, aliniambia nifagie uani. Akaomba maji, akaoga, na wewe unajua siku hizi hawezi hata kukaa. Akavaa kanzu. Amekaa kitandani tangu jana mchana anatazama mlango. Sasa amevua kanzu. Amegeukia ukutani. Uji hataki. Anasema umeshuka mjini, ukapitia kwa mashoga zako."

"Mpe simu."

Ikasikika sauti ya Hemedi akibembeleza, kisha sauti nyingine ndogo, kavu, mbali na simu. Hemedi akarudi. "Amesema mtu aliye kisiwa kimoja na baba yake hapigi simu. Anakuja."

Kwa muda Bi. Mwanakheri hakuona kitu. Alijikuta ameshafika ofisini kwa Bwana Pazi na ameufunga mlango kwa nyuma, na hakukumbuka kutembea.

"Nataka redio iseme kwamba sikufika," alisema.

Bwana Pazi akaweka kalamu chini. "Mama, hilo haliwezekani."

"Jina langu ni langu. Nalitaka lirudi."

"Redio ikisema wewe hukufika, itakuwa imesema Waziri hakusema kweli. Na Waziri amesema kwa niaba ya Kiongozi Mkuu. Sasa wewe fikiria, msusi mmoja..."

"Baba yangu anakufa akiamini nimemdharau. Wewe una baba?"

Bwana Pazi akainuka, akachungulia dirishani, akarudi akakaa, na aliposema tena sauti yake ilikuwa imepoteza pasi yote.

"Mke wangu yuko Kule," alisema. "Kule kwenyewe. Alikwenda kujifungua kwa mama yake kabla ya... kabla ya hamasa hii. Mtoto amezaliwa, sijamwona. Jana niliomba ruhusa, kivuko kikiondoka nami niende. Wamenijibu kwamba kituo changu cha kazi sasa kiko Kule, kwa hiyo tayari naishi na familia yangu. Wamenipongeza."

Wakatazamana. Bi. Mwanakheri alikuwa amekuja kumrushia kitu, na mkononi alikuwa ameshakamata kibanio cha karatasi cha chuma. Akakirudisha mezani polepole.

"Mtoto gani?" aliuliza.

"Wa kike."

"Mungu amkuze," alisema, akatoka.

Kisha upepo ukalegea. Haukuisha, ila bahari iliyokuwa imesimama ikapiga magoti. Asubuhi ile Kapteni Tindwa alitembea gatini, akatazama maji kwa muda, akaachia tumbo lake, na kipaza sauti kikatangaza kwa furaha kwamba nahodha amepona kutokana na juhudi za Wizara.

Abiria waliobaki wakakimbilia geti la kutokea gatini, na hapo wakakwama upya. Kijana wa tiketi alikuwa na maagizo mapya. Kwa kuwa hapo ni Kule, hakuna tena tiketi ya kwenda Kule. Kivuko kinaondoka Kule kwenda Huku. Waliosema wanakwenda Kule waliambiwa wameshafika, wapishe wenzao.

Zamu ya Bi. Mwanakheri ikafika.

"Unakwenda wapi, mama?"

Alimtazama kijana huyo. Tangu akiwa mtoto aliambiwa kwamba kwao ni Kule, na alipoolewa akaja Huku, na alipofiwa na mume akabaki Huku, lakini kila alipoulizwa kwenu wapi alijibu Kule. Neno hilo lilimganda mdomoni. Nyuma yake watu walikuwa wanasukuma.

"Huku," alisema.

"Kufanya nini?"

"Kumwona baba yangu aliyeko Kule."

Kijana akainua uso. Ulikuwa uso wa mtu asiyelala vizuri. "Mama, tafadhali usinitie matatani."

"Kumwona baba yangu."

"Hiyo inatosha," alisema kijana, akamgongea muhuri.

Kapteni Tindwa alikuwa amesimama kwenye ngazi ya kupandia, anawapokea watu kwa mikono yake. Bi. Mwanakheri alipompita, nahodha alisema taratibu, bila kumtazama, "Unisamehe, mama. Ningeondoka siku ile, tusingefika popote."

"Wewe peke yako ndiye hukunikosea," alimjibu.

Safari yenyewe haikuwa ndefu, lakini kila aliyekuwamo aliiona ndefu. Kivuko kilipanda, kikaning'inia, kikaangukia ubavu. Viti vilihama, na mtu akawa anaomba dua kwa sauti. Kipaza sauti kiliwaomba abiria watapike kwa utulivu, kikawakumbusha kwamba kutapika huko hakuhusiani na mawimbi. Bi. Mwanakheri alishika nguzo kwa mikono miwili, akatapika juu ya baibui lake na juu ya viatu vya jirani. Jirani alikuwa naye ameshamtapikia yeye, basi hawakudaiana radhi.

Walipofika, juu ya gati la kisiwani lilikuwapo bango bichi, rangi bado inachuruzika kwa mvua: KARIBUNI HUKU. Chini yake ofisa mwenye mwavuli uliogeuka ndani nje alikuwa akiwaeleza watu kwamba wasiyaguse mabati yaliyozagaa barabarani, kwa kuwa ni mabati yaliyojitolea na yatatambuliwa rasmi. Shule ilikuwa haina paa. Msikiti ulikuwa na nusu. Minazi ya njia nzima ya kwenda kwao ilikuwa imelala upande mmoja.

Hemedi alikuwa juu ya nyumba, nyundo mkononi, misumari mdomoni. Alipomwona dada yake alitema misumari akashuka, akamshika mikono, akamwonesha kwa kidevu chumba cha nyuma. Sebule ilikuwa imebaki kuta. Kitanda cha mzee kilikuwa kimehamishwa mara mbili, kikikimbizana na matundu, na sasa kilikuwa kwenye kona ya mwisho iliyobaki, na hata hapo lilikuwapo bati moja lililoinuka, na mvua ilikuwa inadondokea kwenye beseni lililowekwa juu ya blanketi, karibu na miguu.

Mzee Mwinyikondo alikuwa amelala amegeukia ukutani. Alikuwa amekwisha, mabega tu. Redio ilikuwa kwenye kiti karibu na kichwa chake, inapiga nyimbo za taifa.

Bi. Mwanakheri akapiga magoti sakafuni, ndani ya maji.

"Shikamoo, Baba."

Mzee hakujibu.

Alingoja. Tangu ajue kusema hajawahi kumwamkia baba yake akakosa jibu. Hata siku zile za ugomvi wa ndoa yake, hata siku ya msiba wa mama, jibu lilikuja. Akaanza kusema, na maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima yakatoka ovyo. "Sikuwa hapa, Baba. Walisema nimefika, sikufika. Walituweka ukumbini wakatuambia ukumbi ndio Kule. Nimetoka kivukoni sasa hivi. Ningekuwa hapa ningekuja kwa magoti."

"Redio ilisoma jina lako," mzee aliuambia ukuta.

"Najua."

"Na la babu yako."

"Najua, Baba."

Nyimbo zikaisha, ikaja taarifa ya habari. Msomaji, kwa ile sauti nzito ambayo Mzee Mwinyikondo aliipenda kuliko sauti zote, alisema kwamba hali kisiwani ni nzuri. Kumekuwa na mvua za baraka zenye ari. Hakuna hata bati moja lililohama. Wakazi wa mtaa wa Darajani wamethibitisha kwamba mapaa yao yote yako mahali pake.

Huo ndio mtaa wao. Tone likaanguka kwenye beseni, likafuata lingine. Juu, Hemedi alikuwa amerudi kazini na nyundo ilikuwa inalia.

"Nani amethibitisha?" mzee aliuliza.

"Mimi hakuna mtu aliyekuja kuniuliza," alisema. "Ningemwambia."

Kisha, kwa kazi kubwa, kwa kushika ukingo wa kitanda na kupumzika katikati, akageuka. Alitazama kwanza juu, pale bati lilipoinuka na mawingu yakionekana yanakimbia. Alipatazama kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akitazama juu ya mlingoti asubuhi kuhakikisha kamba haijasokotana. Halafu akamtazama binti yake, baibui limelowa chumvi na matapishi, nywele zimemtoka nje ya mtandio.

"Umechafuka," alisema.

"Ni bahari, Baba."

"Ilikuwaje?"

Bi. Mwanakheri alisita, kwa mazoea tu. Mlango ulikuwa wazi na barabarani watu walikuwa wanapita.

"Ilikuwa dhoruba," alisema.

Mzee akanyoosha mkono, akaiminya redio ikanyamaza, na mkono huohuo akauweka juu ya kichwa cha mwanawe.

"Marahaba, Kheri," alisema. "Marahaba, mwanangu. Inuka hapo kwenye maji."